Kikundi cha Hisa Kinachofika Mgao: Mwongozo Kamili wa Kuunda Timu na Kuamua Pamoja

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine ni huu: "Tulianza vizuri, tukafika mwezi wa saba, tukavurugana." Ukimhoji aliyeuandika utakuta sanduku lilikuwepo, daftari lilikuwepo, na hisa zilinunuliwa kila wiki. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuamua. Mtu aliomba mkopo siku isiyo ya kikao, watatu wakakubaliana msibani, waliobaki wakapewa taarifa. Kuanzia hapo kila anayechelewa kurejesha ana mfano wa kuutaja.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 15 hadi 25 wanaonunua hisa, wanakopeshana na kugawana baada ya mwaka. Tanzania tunasema kikoba, Kenya wanasema chama, na wenzetu wa Goma na Bukavu wanaita AVEC. Hatua nyingi zinafaa pia kamati ya maji au ya ujenzi wa darasa. Kamati ya harusi nayo ingefaidika, lakini kamati ya harusi haisikilizi mtu.

## Vya kuandaa kabla ya kikao cha kwanza

- Sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, na kufuli tatu zisizofunguliwa na ufunguo mmoja. Zijaribu dukani kabla ya kulipa.
- Kitabu kidogo cha hisa kwa kila mwanachama, pamoja na muhuri mmoja wa kugongea hisa. Muhuri wa ua au nyota unatosha.
- Daftari kubwa la katibu lililoshonwa. Usinunue la waya, maana karatasi yake hung'oka bila kuacha alama.
- Mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa fedha ya mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii, yaani wa misaada ya msiba na ugonjwa.
- Bakuli mbili za kuhesabia fedha na moja dogo la faini.
- Kikombe cha maharage, kikombe cha mahindi, na ndoo mbili ndogo zenye mifuniko iliyotobolewa. Hizi ni za kura.
- Kikokotoo. Simu inafaa, ila ujumbe utaingia katikati ya hesabu.
- Nambari kwa kila mwanachama, kuanzia 1. Kwenye kikao mtu anaitwa kwa nambari yake.
- Vikao vitatu ambavyo hakuna shilingi inayotolewa.

Hicho cha mwisho ndicho watu wanakiruka. Wanakutana Jumapili ya kwanza, wanachangishana, halafu Jumapili ya pili wanaanza kuulizana masharti huku fedha iko mezani. Fedha ikishawekwa mezani, kila sharti jipya linaonekana limemlenga mtu fulani.

## Hatua ya 1: Pata watu, idadi itafuata

Anzeni watu watano mnaojuana kwa matendo: mmewahi kukopeshana, kuuguliana, kulimiana. Kila mmoja aandike majina matatu ya watu anaotaka waingie. Majina yasomwe. Jina likipingwa na hata mmoja kati ya watano, liwekwe pembeni bila kuulizana sababu.

Mnaepuka kuulizana sababu kwa kuwa sababu hutoka nje. Leo mtu akiachwa hajui kwamba alitajwa. Ukimwingiza na kumtoa mwezi wa nne, umejenga uadui wa ukoo mzima.

Watu wasizidi 25. Fanya hesabu: kila mtu akitumia dakika tatu tu kununua hisa, kurejesha na kusema lake, watu 20 ni saa nzima. Watu 40 ni saa mbili, na waliotangulia kuhudumiwa wameshaondoka kwenda kupika. Vikoba vyenye watu 30 huwagawa watano watano wanaodhaminiana, na hiyo husaidia, lakini kikundi kinachoanza kibaki kidogo.

Kisha muulizeni kila mtu swali moja: "Wiki mbaya kuliko zote, unaweza kuweka shilingi ngapi?" Bei ya hisa itoke kwa aliyetaja kidogo. Mwenye duka anaweza kuweka 50,000 kwa wiki na muuza mchicha 2,000. Basi hisa iwe 2,000, na kila mtu anunue hisa moja hadi tano kwa kikao. Mwenye duka atalalamika kwamba tano ni chache. Mwacheni alalamike. Akiruhusiwa kununua hisa 25 kila wiki, baada ya miezi mitatu sehemu kubwa ya sanduku ni yake, na hakuna atakayethubutu kumkatalia jambo.

Tahadhari. Angalieni jozi ambazo mmoja hawezi kumpinga mwingine: mkwe na mama mkwe wake, mpangaji na mwenye nyumba, kibarua na bosi. Hamjazuiwa kuwa nao. Lakini mjue kwamba hapo mna kura moja yenye mikono miwili, mpaka mtumie kura ya siri.

Angalieni pia wanaokuja kwa ajili ya mkopo wa halmashauri peke yake, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo halali na hauna riba. Ila kikundi kilichoundwa kuusubiri huwa hakina sababu ya kukutana kabla haujatoka, na ukishatoka kinakosa sababu ya kukutana tena.

Utajua hatua hii imekaa sawa iwapo kikao cha tatu kisicho na fedha kimehudhuriwa na wote kwa wakati, bila mtu kupigiwa simu. Aliyekosa viwili kati ya vitatu aachwe kwa amani.

## Hatua ya 2: Amueni jinsi ya kuamua

Hapa ndipo kikundi kinapojengwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi kilichovunjika mwezi wa nane. Katiba tulikuwa nayo, imechapwa, ina mihuri. Ilisema "maamuzi yatafanywa na wanachama". Yapi, wangapi, kwa njia gani, haikusema. Mwenyekiti wetu, mtu mkarimu hasa, alikuwa akisema jambo kisha anauliza, "Tumekubaliana?" Watu wote: "Ndiyooo!" Mimi naandika: *imeamuliwa*. Mwezi wa saba mkopo mkubwa ulipogoma kurudi, kila mmoja alisema hakuukubali. Na walikuwa wakweli. Waliitikia, hawakukubali.

Tangu hapo ninapoombwa kusaidia kikundi, natenga mambo yote katika makapu matatu kabla ya mengine.

Kapu la kwanza: yaliyokwisha kuamuliwa. Faini ya kuchelewa, kiwango cha juu cha mkopo, msaada wa msiba. Haya yako kwenye katiba. Likitokea, katibu anasoma kifungu, linatekelezwa, basi. Hayajadiliwi, hata kama aliyechelewa ni mwenyekiti. Kapu hili likiwa kubwa, ugomvi unapungua, kwa kuwa hakuna anayemtoza mwenzake faini. Anayetoza ni karatasi.

Kapu la pili: ya kila kikao. Nani akopeshwe leo na kiasi gani, kikao kihamie wapi msimu wa mvua. Haya yanahitaji akidi, yaani theluthi mbili ya wanachama wawepo. Mkiwa 20, akidi ni 14. Yanajadiliwa mpaka muafaka upatikane. Muafaka usipopatikana ndani ya dakika 15, yanapigiwa kura ya wazi na wengi wanashinda.

Kapu la tatu: mazito. Kubadili katiba, kubadili bei ya hisa, kumwondoa kiongozi, kumfukuza mwanachama, kumsamehe mtu deni. Haya yana masharti matatu: yatangazwe kikao kimoja kabla, yapigiwe kura ya siri, na yapite kwa theluthi mbili ya waliohudhuria. Hakuna zito linaloamuliwa siku lilipozuka. Wiki moja ya kulala nalo inatosha hasira kushuka na wapiga kampeni kujulikana.

Halafu wekeni sharti moja linalofunika makapu yote: nje ya kikao hakuna uamuzi. Si msibani, si sokoni, si kwenye kundi la WhatsApp. WhatsApp ni ya kukumbushana muda na kupeana pole. Mtu akiandika huko "jamani naomba niazimwe 100,000 kesho nitarudisha", jibu ni moja: "Lete kikao cha Jumapili." Kwa dharura ya kweli ya ugonjwa, mfuko wa jamii utumike, na katiba itaje ni kiasi gani na nani watatu wanaruhusiwa kuutoa.

Ili kujua kama limeeleweka, wapeni watu mifano kumi kwa mdomo na kila mmoja aseme ni kapu gani. Mtunza sanduku amehama mtaa? Mwanachama ameleta marejesho nusu? Mtu anataka kununua hisa sita? Wakibishana kuhusu mifano minne au zaidi, hamjamaliza. Rudieni.

## Hatua ya 3: Katiba ya kurasa tatu

Fupi. Ikizidi kurasa tatu haitasomwa. Iandikeni kwa Kiswahili mnachozungumza, si cha mahakamani. Itaje: bei ya hisa, siku na saa ya kikao, kiwango cha mkopo (mara tatu ya hisa za mtu ni kawaida nzuri), riba, muda wa marejesho, kiasi cha kuchangia mfuko wa jamii na misaada yake, faini zote kwa shilingi, makapu matatu, na tarehe ya mgao.

Isomwe kwa sauti mbele ya wote, kifungu kwa kifungu, kabla ya sahihi. Asiyejua kusoma aweke dole gumba baada ya kusomewa, na aulizwe afafanue vifungu viwili kwa maneno yake.

Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya aina hii daraja la nne, na usajili hupitia halmashauri. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na katiba na orodha ya wanachama. Msiahirishe hadi mgogoro utokee. Kikundi kisichosajiliwa kikienda kulalamika, swali la kwanza kitakaloulizwa ni kipo kwa sheria gani.

## Hatua ya 4: Chagueni viongozi, kisha wagawanyeni nguvu

Mnahitaji mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Zaidi ya hao, washika funguo watatu ambao si viongozi.

Angalia mpangilio huo. Anayekaa na sanduku hana ufunguo. Wenye funguo hawana sanduku. Anayeandika hashiki noti, na anayehesabu haandiki. Hapa hatumtuhumu mtu, tunamlinda. Fedha ikipungua 5,000, mtunza sanduku asiye na ufunguo hana haja ya kujitetea wala ya kueleza.

Washika funguo wasitoke nyumba moja wala ukoo mmoja. Nimekuta kikundi ambacho funguo zote tatu zilining'inia kwenye msumari mmoja, nyumbani kwa mwenyekiti, "ili zisipotee". Hazikupotea kweli.

Uchaguzi uwe wa siri. Kila mgombea apewe rangi, na mawe madogo yapakwe rangi hizo. Mpiga kura anapita nyuma ya kanga iliyotundikwa, anatumbukiza jiwe la rangi ya anayemtaka. Kila nafasi iwe na wagombea wawili au zaidi. Ikiwa mmoja tu kajitokeza, ahirisheni nafasi hiyo na mtafute wa pili, kwa kuwa aliyepita bila kupingwa huanza kuamini kwamba kikundi ni chake.

Tahadhari. Msimchague mtu kwa kuwa ana elimu au ana gari. Katibu awe mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeona haya kusema "subirini, sijaandika". Mwenyekiti awe anayeweza kunyamaza. Ni sifa adimu, mtaijua kwenye vile vikao vitatu vya mwanzo.

## Hatua ya 5: Kikao kiende kwa mfuatano uleule

Kaeni nusu duara kwa kufuata nambari, sanduku katikati, mbele ya macho ya wote. Mfuatano ni huu, kila wiki, bila kubadilika:

1. Katibu anaita nambari. Waliochelewa wanaweka faini kwenye bakuli.
2. Washika funguo wanafungua sanduku.
3. Mwenyekiti anauliza: "Wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani?" Wanachama wanajibu kwa kumbukumbu. Wahesabu wanahesabu kwa sauti.
4. Mfuko wa jamii unachangiwa.
5. Hisa zinanunuliwa. Muhuri unagongwa kitabuni mbele ya mwenye kitabu, na nafasi alizokosa zinapigwa mstari ili zisijazwe baadaye.
6. Marejesho ya mikopo yanapokelewa.
7. Maombi ya mikopo yanasikilizwa na kuamuliwa.
8. Salio linatajwa kwa sauti. Wote wanalirudia. Sanduku linafungwa.

Namba 3 na 8 wengi huziona za kitoto, watu wazima kurudia tarakimu kama darasa la pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nasema hata yenye daftari, kama daftari ni la mtu mmoja. Daftari likiungua au kufutwa, vichwa 20 vinajua salio. Na mama asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi sawa na mwalimu mstaafu.

Mambo ya nyumbani, matangazo na umbea yaje baada ya kufuli. Kikao kizuri cha watu 20 kinakwisha ndani ya saa moja na nusu. Kikichukua saa tatu nzima, tafuteni nani anaongea sana, na uwezekano mkubwa ni mwenyekiti.

## Hatua ya 6: Kuamua mikopo bila kuumizana

Hapa kikundi kinaonyesha kama ni timu. Nachukua mfano mmoja niupitie wote.

Baada ya hisa na marejesho, sanduku lina 800,000. Waombaji wanne: nambari 3 anataka 350,000 za mbegu na mbolea, nambari 8 anataka 400,000 za mtaji wa dagaa, nambari 11 anataka 250,000 za ada, nambari 17 anataka 150,000 za bati. Jumla 1,150,000. Pungufu ni 350,000.

Vikundi vingi hukata kwa uwiano: kila mtu apewe kama asilimia 70. Inaonekana ni haki. Ukweli ni kwamba wa bati anapata 105,000 zisizomaliza paa, na wa ada anapata 175,000 ambazo shule inazikataa. Fedha isiyotosha kazi yake huliwa. Kisha inadaiwa.

Fanyeni hivi badala yake.

Kwanza, kila mwombaji asimame na aseme mambo manne: kiasi, kazi ya fedha, itarudi kutoka wapi, na lini. "Itarudi kutoka wapi" ndilo swali lenye uzito. Ada haizai, kwa hiyo nambari 11 aseme atarejesha kwa mauzo yapi. Akisema "Mungu atasaidia", amina, lakini aulizwe tena.

Pili, kabla ya mtu yeyote kutoa maoni, mwenyekiti atangaze pengo na awaulize waombaji wenyewe: "Tumepungukiwa 350,000. Nani anaweza kupunguza, na nani anaweza kusubiri?" Kisha anyamaze. Huo ukimya unachosha, uvumilieni. Mara nyingi mwenye bati ndiye wa kwanza kusema atasubiri wiki mbili, kwa sababu mvua bado. Zinabaki 1,000,000. Wa dagaa anakumbuka kwamba gunia moja anaweza kuchukua kwa mali kauli, anashuka hadi 250,000. Zinabaki 850,000. Wa mbolea anasema 300,000 zitatosha akianza na mbegu na mbolea ya kupandia. Jumla 800,000 kamili.

Si kila wiki hesabu itakubali hivyo. Lakini pengo lililopunguzwa na waombaji halimwachii mtu kinyongo, na lililopunguzwa na kamati humwachia.

Tatu, pengo likibaki, mzunguko wa maoni. Kila mwanachama anasema kwa zamu, sentensi mbili. Anaanza aliye mdogo kwa umri au mgeni zaidi kwenye kikundi, wanafuata wengine, na viongozi wa mwisho. Mwenyekiti mwisho kabisa. Sababu mnaijua: kwetu mkubwa akishasema, mdogo hapingi, hata akiwa anajua jambo ambalo mkubwa halijui. Binti wa miaka 22 ndiye anayejua kwamba mtaji wa dagaa wa nambari 8 mwezi uliopita uliishia kwenye simu mpya. Akipewa nafasi ya kwanza atasema kwa adabu zake. Akipewa nafasi ya mwisho atasema "naunga mkono".

Nne, katibu asome uamuzi kabla ya noti kutoka: "Nambari 8 amekopa 250,000, riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, wadhamini nambari 2 na 14." Wadhamini wajibu wenyewe kwamba wanakubali. Mwombaji aweke sahihi. Hesabu za riba zifanywe hapo hapo mbele yake: asilimia 5 ya 250,000 ni 12,500 kwa mwezi. Asije kusema baadaye hakujua.

Tahadhari. Mwombaji asishiriki kuamua mkopo wake, wala mume, mke, mzazi au mtoto wake. Na kiongozi anayeomba mkopo akabidhi kiti kwa mwingine mpaka ombi lake liishe.

Utajua mmefika pale mtu aliyekataliwa leo anapokuja wiki ijayo kwa wakati na kununua hisa kama kawaida.

## Hatua ya 7: Kura ya maharage kwa mambo mazito

Jambo la kapu la tatu limetangazwa wiki iliyopita, sasa linaamuliwa. Mpeni kila aliyehudhuria harage moja na punje moja ya hindi. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Mkumbushane mara mbili.

Nyuma ya kanga ziwekwe ndoo mbili. Ndoo ya kura, ambayo mtu anatumbukiza anachochagua, na ndoo ya mabaki, ambayo anatumbukiza kilichobaki mkononi. Tandika kitambaa ndani ya kila ndoo. Nimewahi kuona bibi mmoja ametega sikio kabisa, akijaribu kusikia harage linavyodunda kwenye plastiki.

Ndoo ya mabaki ni kioo cha ndoo ya kura. Wakipiga 17 na kura zikaonyesha maharage 12 na mahindi 5, mabaki lazima yaonyeshe maharage 5 na mahindi 12. Isipolingana, kura inarudiwa na hakuna anayelaumiwa. Theluthi mbili ya 17 ni 12 kwa kukamilisha juu, kwa hiyo jambo hilo limepita kwa tundu la sindano, ila limepita.

Baada ya kutangaza, mwenyekiti asiulize nani alipinga. Wala mtu mwingine asiulize njiani.

## Hatua ya 8: Mwenzetu amekwama

Kila kikundi kitakuwa na mmoja. Tofauti ni siku mnayoanza kulizungumza.

Rejesho la kwanza likikosekana, aeleze mwenyewe kikaoni siku hiyo hiyo. Asipokuja, wadhamini wake wawili wamtembelee ndani ya siku tatu, wawili tu. Msiende kikundi kizima na fulana, mtamwaibisha mbele ya watoto wake na hatarudi, wala fedha haitarudi. Wamuulize imekuwaje, na warudi na pendekezo: kuongezewa muda, au kulipa kidogo kidogo. Kikundi kiamue kama jambo la kapu la pili.

Rejesho la pili likikosekana, wadhamini wanaanza kulipa sehemu yao kama katiba inavyosema. Hapa ndipo mtagundua kwa nini wadhamini walipaswa kujibu kwa midomo yao.

Mtofautishe aliyefiwa na kuku wote kwa mdondo na aliyenunua televisheni. Wa kwanza asaidiwe kupanga upya. Wa pili alipe faini. Ila msiamue nani ni nani kwa kusikia. Aje, aseme, aulizwe.

Na asikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, ili aje kulipa kikundi. Mtu akilipa deni lote ghafla baada ya miezi ya kusuasua, mdhamini amuulize kwa upole fedha imetoka wapi.

## Hatua ya 9: Mgao

Wiki nne kabla ya tarehe, simamisheni mikopo mipya. Wiki mbili kabla, kila mtu alete kitabu, hisa zihesabiwe na kulinganishwa na daftari la katibu. Makosa yakionekana leo ni makosa. Yakionekana siku ya mgao ni wizi, hata kama si wizi.

Siku yenyewe, hesabu ni moja: fedha yote ya mfuko wa mikopo igawanywe kwa idadi ya hisa zote. Mfano, hisa 3,600 za shilingi 2,000 ni 7,200,000 mlizoweka. Kwa riba na faini sanduku lina 9,000,000. Gawa kwa 3,600, kila hisa ni 2,500. Mwenye hisa 180 aliweka 360,000, anachukua 450,000. Mwenye hisa 60 aliweka 120,000, anachukua 150,000.

Sasa weka mdaiwa mmoja mwenye hisa 60 na deni la 330,000 pamoja na riba. Sandukuni kuna 8,670,000. Hisa zake zinakamatwa, hagawiwi, zinabaki hisa 3,540. Kila moja inakuwa 2,449. Mwenye hisa 180 sasa anapata 440,820. Amepoteza 9,180 kwa mkopo wa mtu mwingine. Hesabu hii waonyesheni wanachama mwezi wa kwanza, si wa kumi na mbili. Anayejua kwamba ombi la mwenzake linaweza kumgharimu 9,180 hatasema "ndiyooo" akiwa anachezea simu.

Fedha ya kila mtu iwekwe mbele yake kwenye kitabu chake, wahesabu watangaze, mwenyewe ahesabu, aweke sahihi. Hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho amehesabu. Kwa usalama fanyeni mchana, na msitangaze tarehe mtaani. Vikundi vinavyotumia huduma ya simu kama M-Koba vinapunguza hatari ya noti, lakini idhini za watu kadhaa kwenye simu hazichukui nafasi ya kikao. Kwanza amueni, kisha mbonyeze.

Hela zilizobaki kwenye kugawanya, zile 540 za mfano wetu, zirudi mfuko wa jamii. Deni lililobaki la yule mdaiwa lisomwe na liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Kisha pitisheni nambari moja moja: nani anaendelea, nani anapumzika. Anayepumzika ashukuriwe na arudishe nambari yake. Bei ya hisa ya mwaka mpya ni jambo la kapu la tatu, kwa hiyo leo inatangazwa tu. Kura wiki ijayo, maharage yaletwe makavu.